Barua ya wazi kwa wanaoidhinisha safari za kikazi: nauli peke yake haitoshi

Kwa wakurugenzi wa fedha, wakuu wa utumishi, wakuu wa vitengo vya ununuzi, na wengine wote ambao saini zao ndizo zinazoamua mtumishi asafiri kwa treni au kwa ndege.

YAH: ULINGANISHAJI WA GHARAMA ZA TRENI NA NDEGE KATIKA SAFARI ZA KIKAZI ZA NDANI YA NCHI

Waheshimiwa Wakuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Ninaandika nikiwa mhasibu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kupokea marejesho ya masurufu ya safari, kuyapanga kwenye vifungu vyake vya bajeti, na kujibu hoja za wakaguzi pale stakabadhi zinapopungua. Nikiwa kwenye meza hiyo naona jambo ambalo mwenye kuidhinisha safari hawezi kuliona kwa urahisi, kwa sababu yeye hukutana na safari kabla haijafanyika, ikiwa bado ni mstari mmoja kwenye fomu, na mimi hukutana nayo ikiwa imekwisha kugawanyika vipande vipande. Jambo lenyewe ni kwamba tunapochagua kati ya treni na ndege tunalinganisha nauli, na nauli ni sehemu tu ya kile ambacho safari inatugharimu; mara nyingine si hata sehemu kubwa.

Fomu nyingi za maombi ya safari zina nafasi ya kuandika mahali pa kwenda, tarehe, madhumuni, chombo cha usafiri na nauli. Mwombaji huambatisha bei mbili au tatu kutoka kwa wakala, bei ya chini kuliko zote inazungushiwa kalamu, na saini inawekwa. Utaratibu huu una sura ya uadilifu, na mkaguzi akija anaridhika, kwa kuwa kanuni ya kuchukua bei ya chini imefuatwa. Baada ya safari ndipo karatasi nyingine zinapoanza kuingia. Ipo ya teksi ya alfajiri kwenda uwanja wa ndege ulioko nje ya mji, ipo ya begi lililozidi uzito unaoruhusiwa na tiketi ya bei ya chini, ipo ya teksi ya pili kutoka uwanja wa mwisho hadi mjini, na wakati mwingine ipo ya kubadilisha muda wa kurudi kwa kuwa kikao kilichelewa kwisha. Karatasi hizo haziendi kwenye kifungu cha nauli. Teksi zinaingia kwenye usafiri wa mjini, usiku wa hoteli unaingia kwenye posho ya kujikimu, ada ya kubadilisha tiketi inaingia kwenye matumizi mengineyo, na saa za mtumishi zilizoishia kwenye foleni haziingii popote, kwa sababu mshahara wake ulikwisha kulipwa kwenye kasma ya mishahara, ambako hakuna anayeuliza saa hizo zilitumika kufanya nini. Kifungu cha nauli kinabaki kimenyooka, na mwisho wa mwaka tunapongezana kwa kubana matumizi.

Ombi langu ni kwamba safari ipimwe yote, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa ofisi inayotembelewa na kurudi, na kwamba saa za mtu zihesabiwe kama fedha, kwa kuwa ni fedha tulizokwisha kuzilipa. Siandiki kuitetea treni kwa mapenzi. Zipo safari ambazo ndege inashinda bila ubishi, na nitazitaja. Ninachopinga ni shindano linalopimwa kwa rula yenye alama moja.

Tuchukue miji miwili iliyo umbali wa kilomita 500 hivi, yenye reli ya mwendokasi kati yake na yenye ndege za kutosha. Namba nitakazotumia ni za kukadiria, na kila ofisi inaweza kuweka zake. Ndege inakuwa angani chini ya saa moja, na saa hiyo moja ndiyo inayotupiga changa la macho. Msafiri anahitaji dakika 50 kufika uwanjani, anatakiwa awe pale dakika 90 kabla ya kuondoka, zinafuata dakika 65 tangu ndege ianze kusogea hadi isimame upande wa pili, dakika 20 za kushuka na kutoka nje ya jengo, kisha dakika 45 za kuingia mjini. Jumla ni dakika 270, yaani saa nne na nusu. Kwa treni tuweke dakika 20 kufika stesheni, 20 za kusubiri, saa tatu ndani ya behewa, na 15 za kufika mlango wa ofisi, kwa kuwa stesheni kuu kwa kawaida iko katikati ya mji. Jumla ni dakika 235. Treni imeshinda, ingawa si kwa kiasi cha kumfanya mtu abadili sera ya safari.

Tofauti inakuwa kubwa tunapouliza ni dakika ngapi kati ya hizo mtu anaweza kufanya kazi. Mwangalieni anayejaribu kuandika ripoti katika safari ya ndege. Kwenye ukaguzi anaitoa kompyuta mpakato ndani ya begi, anaiweka kwenye trei pamoja na simu na mkanda wa suruali, anairudisha upande wa pili huku akivaa mkanda na kulinda nafasi yake. Anaifungua kwenye kiti cha kusubiria, anaandika aya mbili, kisha wanatangaza watu wapange foleni. Anasimama kwenye foleni, anasimama kwenye basi la kupelekwa ilipo ndege, anasimama tena kwenye ujia akingoja aliye mbele amalize kupandisha begi lake juu. Akishaketi anaambiwa aifunge mpaka ndege itulie angani. Ikitulia, mwenye kiti cha mbele anakilaza na kompyuta inabanwa isifunguke vizuri. Muda si muda anaambiwa aifunge tena kwa kuwa ndege inashuka. Tukimpa dakika 70 za kazi kati ya zile 270 tutakuwa tumemkarimu, na zote ni dakika zilizokatwakatwa. Aliyepanda treni tumpe dakika 160 kati ya 235, kwa mfululizo, mezani, penye soketi ya umeme. Kwa hesabu hiyo safari ya ndege imepoteza dakika 200 na ya treni imepoteza 75. Tofauti ni dakika 125 za kwenda tu. Kwenda na kurudi ni dakika 250, yaani zaidi ya saa nne, ambayo ni nusu ya siku ya kazi ya mtu mmoja. Izidisheni nusu siku hiyo kwa gharama halisi ya mtumishi, maana yake mshahara pamoja na michango ya hifadhi ya jamii na bima, ndipo muiweke kando ya tofauti ya nauli iliyozungushiwa kalamu.

Najua kuna atakayesema kwamba watu hawafanyi kazi kwenye treni. Ni kweli kwamba mtandao hukatika kwenye mahandaki, kwamba nyaraka za mteja hazifai kufunguliwa mbele ya jirani mwenye macho ya udadisi, na kwamba mtu aliyechoka atasinzia, na sioni kosa lake. Basi tuzikate dakika 160 ziwe 80. Treni itakuwa imepoteza dakika 155, na bado ndege imepoteza 45 zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo hata wanaoipenda treni hulipita haraka, nami nataka kukaa nalo kidogo kwa sababu ndilo linaloamua mengi. Tuseme treni ni ya polepole zaidi na inachukua saa tano badala ya tatu. Safari yote inakuwa dakika 355, na tukimpa msafiri dakika 280 za kazi, muda uliopotea unabaki 75, uleule wa mwanzo. Kwa kipimo cha saa zilizopotea, treni ndefu haigharimu zaidi ya treni fupi. Lakini kwenda na kurudi ni dakika 710, karibu saa kumi na mbili, na hakuna kikao cha maana kinachoweza kuingia ndani ya siku iliyokwisha kuliwa kiasi hicho. Msafiri atalala huko. Usiku mmoja wa hoteli na posho yake unaweza kuzidi tofauti yoyote ya nauli, na ndipo ndege inapopata haki yake. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kabla ya bei ni kama kazi inaweza kumalizika ndani ya siku moja kwa chombo hiki, na kama haiwezi, je, usiku huo ungelazimika hata kwa chombo kingine? Mahali ambapo kikao ni cha siku mbili, hoja ya usiku inatoweka, na treni ya saa tano inarudi mezani. Mahali penye treni ya usiku yenye vitanda, usiku uleule unaweza kuwa safari na malazi kwa pamoja, ingawa si kila mtumishi anayeamka kwenye behewa akiwa tayari kuzungumza na mteja, na hilo nalo lihesabiwe.

Ulimwengu umekwisha kulifanyia jambo hili majaribio makubwa kuliko hesabu yangu. Japani ilipofungua reli yake ya mwendokasi, Shinkansen, kati ya Tokyo na Osaka mwezi Oktoba 1964, kilomita 515 hivi zilichukua saa nne. Leo treni ya kasi zaidi inatumia chini ya saa mbili na nusu. Ufaransa iliifuata mwaka 1981 kwa treni yake ya mwendokasi, TGV, ya Paris na Lyon, inayochukua karibu saa mbili. Nchini Hispania, njia ya anga ya Madrid na Barcelona ilikuwa miongoni mwa njia zenye ndege nyingi kuliko zote duniani, mpaka reli ya kilomita 621 ilipokamilika mwezi Februari 2008 na safari ikawa ya saa mbili na nusu hivi. Wasafiri wengi wa njia hiyo, wakiwamo wale wa suti na mikoba, wakahamia relini. Taiwan ilifungua reli yake ya mwendokasi mwaka 2007, na kufikia 2012 ndege kati ya Taipei na Kaohsiung zilikuwa zimeacha kuruka kwa kukosa abiria. Wapangaji wa usafiri wana kanuni ya mkato inayotokana na mifano ya namna hii: treni ikichukua chini ya saa tatu hubeba abiria wengi zaidi ya ndege, na kuanzia saa nne au tano mizani huanza kuelemea upande wa pili. Ndiyo maana kati ya Beijing na Shanghai, kilomita 1,318 ambazo treni huzimaliza kwa saa nne na nusu hivi, reli iliyofunguliwa mwaka 2011 imejaa watu na ndege nazo bado zinaruka kwa wingi. Huo ndio mpaka wa siku nilioueleza, ukionekana kwa macho.

Mfano unaonifundisha zaidi, hata hivyo, ni wa New York na Washington. Treni ya Acela iliyoanza mwaka 2000 haifikii kasi ya wenzake wa Asia na Ulaya, kwa kuwa sehemu kubwa ya reli yake ni ya zamani na yenye kona nyingi, na ndege inaufunika umbali huo kwa muda mfupi sana. Pamoja na hayo, reli inabeba watu wengi kati ya miji hiyo miwili kuliko mashirika ya ndege. Wasafiri wa pale hawakusubiri fomu ya mhasibu. Walipiga hesabu ya mlango hadi mlango wenyewe.

Sasa nirudi kwenye nauli, kwa kuwa hata hiyo hatuisomi sawasawa. Bei ya kiti cha ndege si bei ya umbali. Baada ya Marekani kuondoa udhibiti wa nauli za ndege mwaka 1978, mashirika yalijifunza kuuza viti vya ndege moja kwa bei nyingi tofauti, na mwaka 1985 American Airlines ilitangaza nauli za punguzo kubwa zilizofungwa kwa masharti ya kununua mapema na kutorejeshewa fedha. Masharti hayo yaliwekwa makusudi ili mtu wa likizo apate bei ya chini na mtu wa kazi, ambaye hujua tarehe yake dakika za mwisho na hutaka uhuru wa kuibadilisha, alipe bei ya juu. Sisi ndio tuliolengwa. Katika nchi kama Ufaransa na Hispania, reli nazo zimeiga mtindo huohuo kwenye treni za mwendokasi, hivyo anayenunua tiketi ya treni jioni ya kuamkia safari asishangae akikuta inazidi ya ndege. Uswisi, kwa upande mwingine, nauli ya kawaida ya treni hufuata njia unayopita na haipandi kwa sababu umechelewa kununua, na mwenye kadi ya nusu nauli huipata nusu hiyo hata akija stesheni muda huohuo. Ofisi inayotuma watu mara kwa mara kwenye njia moja ingepaswa kujua iko katika mfumo gani kabla ya kuandika sera yake, maana pale penye kadi za punguzo za mwaka, kumnunulia mtumishi kadi kunaweza kujilipa mapema kuliko mazungumzo yoyote na wakala.

Na hapa, Waheshimiwa Wakuu, inabidi niseme wazi, kwa heshima, kwamba sehemu ya gharama hiyo mnaitengeneza ninyi. Maombi ya safari hupita kwa msimamizi, yakaenda kwa mkuu wa idara, yakaja fedha kuthibitishwa kwamba kifungu kina salio, yakarudi juu kwa saini ya mwisho, na wakati wote huo bei aliyoambatisha mwombaji inapanda. Nimeshuhudia fomu ikikaa kwenye jalada kwa kuwa mwenye saini yuko safarini, kisha tiketi ikanunuliwa kwa bei iliyopita ile ya mwanzo kwa kiasi cha kutisha, na jalada likarudi kwangu likiwa na swali: kwa nini gharama imezidi makadirio? Kuweka ukomo wa siku za kuidhinisha safari zilizo ndani ya bajeti hakugharimu chochote, na kwa ndege kunaweza kuokoa zaidi ya kubishania daraja la kiti.

Kuhusu daraja la kiti, kuna sera nyingi zinazoruhusu ndege bila swali na wakati huohuo zinakataza daraja la kwanza la treni kwa kulihesabu kuwa ni anasa. Mtumishi anaruhusiwa kununua kiti cha ndege cha bei ya juu kwa sababu ni cha daraja la kawaida, lakini haruhusiwi kununua kiti cha treni cha bei ya chini zaidi kwa sababu kinaitwa cha kwanza. Kwenye behewa hilo kuna nafasi, utulivu na meza, vitu ambavyo ndivyo vinavyogeuza muda wa safari kuwa muda wa kazi. Ukomo ungewekwa kwenye jumla ya gharama, jina la daraja lingekosa umuhimu.

Ucheleweshaji nao una bei, na hapo treni haina kinga. Shinkansen ya Tokyo na Osaka ni mfano wa kujivunia: wastani wa kuchelewa kwa treni ni dakika chache mno, na katika saa zenye shughuli treni hufuatana kwa dakika chache, kiasi kwamba anayekosa moja anapanda nyingine kabla hajamaliza kukasirika. Ujerumani ni mfano wa kutahadharisha. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za shirika la reli la nchi hiyo zilizofika kwa wakati, na kwa wakati maana yake ni kutozidi dakika sita za kuchelewa. Mtu mwenye treni ya kuunganisha katika mfumo wa namna hiyo analazimika kuondoka mapema kwa saa nzima kama tahadhari, na saa hiyo ni ya kuhesabiwa. Kwa ndege, kuchelewa kwa dakika chache kunavumilika, ila safari ikifutwa kwenye njia yenye ndege mbili kwa siku, siku imekwisha na hoteli imeingia. Swali la kumuuliza wakala, kwa hiyo, ni moja na ni jepesi: hiki kikishindikana, kinachofuata kinaondoka saa ngapi? Majibu yake yanaeleza zaidi ya takwimu nyingi.

Ipo gharama nyingine ambayo watu wa fedha hatupendi kuigusa kwa sababu haina stakabadhi. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi ni ya ndege ya kwanza ya alfajiri au ya mwisho ya usiku. Mtumishi anaamka saa tisa usiku, anahudhuria kikao saa nne asubuhi, anarudi nyumbani saa sita usiku, na kesho yake anatarajiwa kazini kwa wakati. Tulichookoa kwenye nauli tumekichukua kwenye usingizi wake. Mwezi Septemba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kwa wafanyakazi wasio na ofisi maalumu, muda wa kusafiri kati ya nyumbani na mteja wa kwanza na wa mwisho wa siku ni muda wa kazi. Uamuzi huo hauwahusu wasafiri wote, wala sheria za nchi zote hazifanani, lakini swali lililoulizwa pale ni halali popote: mtu akiwa pale alipo kwa sababu ya mwajiri, saa hizo ni za nani? Ofisi inayoona zinamhusu mwajiri itaweka fidia ya mapumziko, na fidia hiyo ikishaingizwa kwenye hesabu, tiketi ya alfajiri itaacha kuonekana rahisi.

Suala la hewa ya ukaa nitalipita kwa ufupi, kwa kuwa wengi wenu mna taarifa za kila mwaka zinazolitaja. Kwa viwango vinavyochapishwa na serikali ya Uingereza, kilomita moja ya abiria katika ndege ya ndani ya nchi hutoa zaidi ya mara sita ya kiasi kinachotolewa kwa treni. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2021, ikaanza kutekelezwa Mei 2023, inayozuia safari za ndege za ndani pale ambapo treni inaweza kufika kwa chini ya saa mbili na nusu. Njia zilizoguswa ni chache, za kutoka Orly, uwanja wa ndege wa Paris, kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux, na abiria wanaounganisha ndege wanaendelea kuruhusiwa. Ninachokichukua kwenye sheria hiyo ni namna ilivyopanga kizingiti chake kwa saa, ikaacha bei kando. Bei inaweza kubadilika kwa marekebisho ya sheria ya kodi: Januari 2020 Ujerumani ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kwenye tiketi za treni za masafa marefu kutoka asilimia 19 hadi 7, na ulinganisho wa nauli ukabadilika ilhali treni, reli na saa za safari vilikuwa vilevile.

Niliahidi kutaja pale ambapo ndege inastahili. Inastahili penye umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja kwa kazi ya siku moja, penye bahari, penye reli ya treni moja kwa siku, au inayomlazimu mtu kubadilisha treni mara mbili katikati ya usiku, na pale ambapo mtumishi anaishi karibu na uwanja na mteja naye ana ofisi karibu na uwanja wa pili, kwa kuwa hapo zile dakika 50 na 45 zinayeyuka. Inastahili pia kwa mtu anayeunganisha na safari ya kimataifa. Kwa upande mwingine, fundi mwenye kisanduku cha vifaa vyenye ncha kali, ambavyo haviruhusiwi ndani ya ndege na lazima viandikishwe kama mzigo, atafika kwa treni akiwa na vifaa vyake mkononi. Na watumishi wanne wanaokwenda kwenye kikao kimoja wanaweza kukizunguka kimeza cha behewa na kumaliza maandalizi yao, jambo lisilowezekana wakiwa wametawanyika safu mbalimbali za ndege.

Kwa hiyo naomba fomu ya maombi ya safari ibadilishwe, iwe na safu nne mahali pa ile moja: nauli pamoja na ada zote za mizigo na za mabadiliko, usafiri wa kwenda na kutoka uwanjani au stesheni, malazi na posho endapo chombo kilichochaguliwa ndicho kinacholazimisha usiku, na saa zilizopotea zikizidishwa kwa kiwango cha wastani cha kundi la mshahara, ili asiwepo wa kuandika mshahara wa mwenzake kwenye karatasi inayopita mikono mingi. Pale ambapo tofauti ya jumla ni ndogo, tuseme chini ya sehemu moja ya kumi, mtumishi aachwe achague mwenyewe, maana yeye ndiye anayejua kama mgongo wake unavumilia saa tano za kuketi au kama ana mtoto wa kumpeleka shule asubuhi hiyo. Maombi yaliyo ndani ya bajeti yajibiwe ndani ya siku mbili za kazi, na asiyepo awe na mtu wa kukaimu saini yake.

Sitarajii kwamba hesabu hii itaipa treni ushindi kila mahali, na ofisi itakayokuta kwamba ndege ndiyo nafuu kwenye njia zake itakuwa angalau imelijua hilo kwa ushahidi. Marejesho ya masurufu ya mwaka uliopita tayari yamo kwenye majalada, na kwa njia mbili au tatu zinazosafiriwa zaidi, mhasibu mmoja anaweza kuyapanga upya kwa safu hizo nne ndani ya wiki moja akiondolewa kazi nyingine. Ninajitolea kuifanya kazi hiyo kwa njia za ofisi yangu, na kuyakabidhi matokeo yake kwa kitengo cha ununuzi kabla makadirio ya mwaka ujao wa fedha hayajafungwa. Katika majibu yenu ningeomba mambo mawili yatajwe: nani atapewa jukumu la kuweka kiwango cha saa kwa kila kundi la mshahara, na kwa tarehe gani.

Wenu mtiifu,

Mhasibu wa masurufu ya safari